Beni: Kupamba keki si anasa, na breve peke yake haijazi sufuria

Beni, Kivu ya Kaskazini. Juma lililopita tulitangaza kwamba tutaongea juu ya namna ya kupamba keki, ile wengi hapa tunaita gato. Papa mmoja akapiga simu. Hakuzunguka. Alisema: «Watu wanakatwa mapanga mashambani, wadeplase wanalala kwa watu, na ninyi mnataka kutuletea habari ya krimu? Hamna haya?» Kisha simu ikakatika. Sijui kama ni yuniti zilikwisha ao ni hasira ilimzidi.

Nimefikiri maneno yake siku tatu. Leo namjibu kwa heshima, lakini bila kumumunya maneno. Papa, juu ya vita umesema kweli. Juu ya keki umekosea, na kosa lako linawagharimu wamama wengi.

Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa eneo la Beni wanauawa usiku na mchana. Shamba, ambalo ndilo lilikuwa benki ya mama wa hapa, limekuwa mahali pa kufia. Mama aliyeacha kakao yake upande wa Mbau ao Eringeti hawezi kurudi kuvuna. Anayevuna ni mwingine. Amefika mjini, amepokelewa na familia katika komini ya Mulekera ao Beu, watu kumi na wawili ndani ya vyumba viwili. Hana shamba, hana meza katika soko la Kilokwa, hana feza ya kukodi duka. Alicho nacho ni ua wa kuazima, mbabula moja, sufuria na mikono yake.

Basi niambie, papa: mama huyo tumfundishe kazi gani? Kushona kunataka mashine. Kuuza nguo kunataka mtaji wa mzigo. Keki inataka unga wa ngano, mayai, sukari, majarini na makala. Inaokwa ndani ya sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, kama bibi zetu walivyofanya kabla hatujaona tanuru ya umeme. Na wanunuzi wapo. Vita haijafuta komunyo ya kwanza, wala ndoa, wala ubatizo. Matokeo ya mtihani wa Taifa yakitoka, vijana bado wanamwagiwa poda barabarani na wazazi bado wanatafuta kitu cha kuweka mezani. Watu waliozika wiki iliyopita wanaoza binti zao wiki hii, na hakuna mwenye ruhusa ya kuwauliza kwa nini.

Hapo ndipo kupamba kunaingia. Keki kavu inakatwa vipande na kuuzwa kandokando ya barabara, sambamba na mandazi, na faida yake ni nyembamba. Keki hiyohiyo, ikifunikwa vizuri na jina la mtoto likaandikwa juu, inaagizwa nzima, siku tatu mbele, na avansi inatolewa. Unga ni uleule na mayai ni yaleyale. Kinachoongezeka ni sukari kidogo na ujuzi wa saa mbili. Ukimwambia mama kwamba ujuzi huo ni anasa, unamwambia abaki kwenye vipande.

Lakini papa yule si mtu peke yake ninayegombana naye leo. Nina neno zito zaidi kwa wale wanaokubali kwamba kupamba keki ni kazi, halafu wanaifundisha vibaya.

Nilifika katika ua mmoja Boikene. Mama mwenye ua huo, mdeplase wa miaka mingi, alinionyesha breve yake. Imewekwa ndani ya plastiki na kupigiliwa ukutani, juu ya kitanda. Mafunzo ya majuma mawili: mapambo ya keki. Nikamwomba anionyeshe anachopamba. Akacheka, akasema: «Mwanangu, walitufundisha kwa mashine ya umeme. Mimi umeme nauona kwa jirani. Walitufundisha kutandika fondanti, hiyo unga wa sukari unaokandwa kama ugali na kutandikwa kama kitambaa. Nimeitafuta Kilokwa, nimeulizia hata kwa wanaoleta bidhaa kutoka Kasindi. Walitupa midomo ya chuma ya kukamulia krimu, siku ya mwisho wakairudisha ndani ya sanduku. Tukapigwa picha. Wakaenda.»

Shirika lile silitaji, kwa maana si moja tu lenye mtindo huo. Nauliza tu: mafunzo hayo yalikuwa ya nani? Kama ni ya mama, yangeanza sokoni, kwa kuuliza ni kitu gani kinapatikana hapa mwezi huu, na kwa bei gani. Yalianza kwenye sanduku lililokuja na mwalimu, yakaishia ndani ya sanduku lilelile. Mama akabaki na karatasi. Na ubaya wake si kupoteza majuma mawili tu: amebaki anaamini kwamba kupamba keki ni kazi ya watu wenye umeme, na kwamba asiyeweza ni yeye.

Huo ni uongo, na nitauonyesha. Vitu vifuatavyo nimeviona vikifanyika katika ua, juu ya benchi, bila waya hata mmoja. Wamama, shikeni kalamu, ao mwiteni mtoto aandike.

Kwanza ni subira. Keki ya moto haipambwi. Ikitoka kwenye sufuria, iache ipoe saa mbili kwa uchache. Ukiweza, oka jioni na kupamba alfajiri. Krimu juu ya keki ya moto inayeyuka na kuteremka, na wengi wanaosema «mkono wangu si mwepesi» shida yao ilikuwa haraka. Ikipoa, kata kile kinundu cha juu kwa kisu kirefu ili uso uwe sawa, halafu igeuze: upande wa chini ndio ulionyooka zaidi, na huo ndio uwe uso wa kupamba. Mabaki ni haki ya watoto.

Pili ni sukari ya unga. Ikikosekana dukani, ao ikiwa ghali, twanga sukari ya kawaida ndani ya kinu kikavu, ichekeche kwa kitambaa chepesi kilichofuliwa vizuri, na yale yanayobaki juu yarudishe kinuni. Ongeza kijiko kimoja cha maizena kwa kila gramu 200 ili isigandamane. Ni kazi ya mkono, ndiyo. Lakini mkono huo ulitwanga sombe maisha yote.

Tatu ni kifuniko cha sukari, ambacho ndicho pambo rahisi kuliko yote. Chukua gramu 200 za sukari ya unga, tia maji ya limau ao maji safi yaliyochemshwa, vijiko 2 vya chakula, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ikianguka kutoka kwenye kijiko kama uzi mnene, imefika. Ikikimbia kama uji wa mtoto, ongeza sukari. Mwaga katikati ya keki na uisukume pembeni kwa mgongo wa kijiko. Ikikauka inakuwa ngumu na kung'aa. Na hapa niseme kitu ambacho mwalimu wa sanduku hakukifikiri: keki ya Beni inasafiri kwa pikipiki. Inapita kwenye mashimo, mikononi mwa mtu aliyekaa nyuma ya motari. Kifuniko kigumu kinafika kizima, lakini mnara wa krimu unafika ukiwa umelala.

Nne ni krimu ya majarini, kwa anayeweza kidogo zaidi. Gramu 250 za majarini, gramu 400 hadi 500 za sukari ya unga. Piga majarini kwanza kwa mwiko mpaka iwe nyeupe-nyeupe, kisha tia sukari kwa awamu, dakika kumi ao kumi na tano kwa mkono. Fanya hivyo asubuhi sana ao usiku; saa sita mchana jua la hapa litakushinda. Paka safu ya kwanza nyembamba sana, ya kushika chenga tu, iache nusu saa mahali pa baridi, ndipo upake ya pili. Wengi wanaruka hiyo safu ya kwanza, na keki yao inaonekana chafu kwa sababu chenga zimepanda juu. Kwa kuzungusha, weka sahani juu ya bakuli lililofunikwa kichwa chini: mkono wa kushoto unazungusha, wa kulia unapaka. Halafu chukua uma, uuburute polepole kuzunguka. Mistari inayotokea ni pambo kamili, na uma haukununuliwa kwa ajili hiyo.

Tano ni karanga. Zikaange, zimenye, zitwange nusu nusu, uzibandike ubavuni kwa kiganja wakati krimu bado ni laini. Karanga zinaficha kila kosa la ubavu, na zinalimwa hapa hapa. Uliza mteja kwanza kama kuna mtoto ambaye karanga zinamdhuru. Ni swali la sekunde moja linaloweza kuokoa roho.

Sita ni karatasi. Kunja karatasi safi mara tatu, kata matundu kwa mkasi kama watoto wanavyofanya shuleni, ikunjue, iweke juu ya keki, chekecha unga wa kakao juu yake. Inua karatasi wima, bila kuiburuta. Chini yake kuna ua ambalo watu watauliza ulilinunua wapi. Ukitumia sukari ya unga badala ya kakao, fanya hivyo dakika za mwisho, kwa sababu sukari inakunywa unyevu na kupotea.

Na juu ya kakao nina uchungu wangu. Kakao ni zao la eneo hili. Inakaushwa hapa, inanunuliwa kwa magunia, inavuka mpaka kuelekea Uganda na ng'ambo. Halafu sisi tunanunua kopo dogo la kakao iliyosagwa kwingine. Mama aliyeipanda anaipata sokoni kwa bei ya mgeni. Hilo si kosa lake, na halitatengenezwa na somo la keki. Lakini anayesema kwamba keki ya kakao si kitu chetu, aulize kwanza miti ile ni ya nani.

Saba ni jina. Hapa ndipo feza ilipo, kwa sababu mzazi halipi keki, analipia kuona jina la mtoto wake. Kunja karatasi ngumu na safi iwe pembe kama ile ya muuza karanga, jaza kifuniko cha sukari kilicho kizito kuliko cha kumwagia, kunja juu, kata ncha ndogo sana. Jaribu kwanza juu ya sahani mara kumi. Mama wa Boikene aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hakusoma, na kwenye mafunzo hakuna aliyemuuliza; siku ya kuandika majina alijificha nyuma ya wengine. Sasa anafanya hivi: mteja anaandika jina kwenye karatasi kwa mkono wake. Mama anailaza karatasi juu ya keki iliyokauka, anatoboa herufi kwa ncha ya kijiti cha meno, anainua karatasi, kisha anafuata vitundu kwa sukari. Hakosei herufi hata moja. Hilo ni somo la dakika tano. Kwa majuma mawili hakuna aliyelifikiri, kwa kuwa hakuna aliyeuliza nani anajua kusoma.

Sasa niwageukie wenzangu wanaopamba, maana ukali usiende upande mmoja tu. Kuna unga wa rangi unaouzwa ndani ya vipakiti vidogo kwa ajili ya nguo, mikeka na vikapu. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema kwamba «kidogo tu hakidhuru» ndani ya krimu. Mama, hiyo si chakula. Usiitie katika keki ya mtoto hata kwa ncha ya kisu, hata mteja akililia rangi ya bluu. Kama huna rangi iliyoandikwa kwamba ni ya chakula, chukua maji ya betrave kwa waridi, maji ya karoti kwa rangi ya chungwa, chembe ya manjano kwa njano, maji ya marakuja kwa njano yenye ladha. Yanatumika mahali pa maji katika kifuniko cha sukari. Rangi hizo ni pole na zinafifia, basi zitie siku ya karamu, si siku mbili mbele. Mteja akikataa, mwambie ukweli: rangi ya soko la vikapu inaishi muda mrefu, na mtoto naye tunataka aishi.

Vivyo hivyo maua. Usichume ua la uzioni na kulichomeka kwenye keki kwa sababu ni zuri. Yapo yenye sumu, na utomvu wake unaingia ndani. Na mikono inawe. Sisi wa Beni hatuhitaji kufundishwa hilo upya: ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulitukalisha kando ya ndoo za maji ya klorini mpaka Juni 2020. Ndoo zimeondolewa milangoni, zisiondoke jikoni. Yai bichi lililopigwa likaachwa juani ni hatari pia. Anayeanza akae kwenye sukari na majarini.

Wa mwisho ninaogombana nao ni wanunuzi. Mnajijua. Mnaagiza keki ya komunyo, mnataka jina, mnataka karanga, mnataka ifike saa nne kamili. Ikifika, mnaanza: «Ee mama, si sukari tu hii? Si wewe ni mdeplase, tunakusaidia?» Na mnalipa nusu. Kununua kwa nusu ya bei si msaada. Ni kuchukua usiku wa mama aliyekesha akitwanga sukari.

Na wamama, sehemu ya dawa iko mikononi mwenu. Andikeni hesabu. Tuseme unga, sukari, mayai, majarini, makala na pikipiki vimekula franka 20 000. Ukiuza franka 20 000, hukufanya kazi, ulitoa zawadi. Ukiuza 22 000, saa zako tano zimelipwa 2 000. Weka bei ya mikono yako kama unavyoweka bei ya mayai, iseme kabla ya kuwasha mbabula, na chukua avansi inayotosha kununua vitu. Asiyetoa avansi hajaagiza, ameota tu.

Najua watakaoniambia: «Mwandishi, kila mdeplase akipamba keki, nani atanunua?» Neno hilo lina uzito. Keki haitamlisha kila mtu, na haitarudisha shamba la mtu. Anayewaahidi wamama kwamba watatajirika kwa krimu ni ndugu wa yule wa sanduku. Mimi nasema kitu kidogo zaidi: hii ni kazi ambayo mlango wake ni uma, kisu, karatasi na sukari. Anayeijaribu na kushindwa amepoteza keki moja, wala hadaiwi na mtu. Kwa hiyo, mama, usikope feza ya likelemba kununua vyombo vya kupambia. Anza na keki ya nyumba yako, ya pili ya jirani, na vyombo vitanunuliwa na keki zenyewe.

Basi ninaomba mambo matatu, na nitayaomba tena mpaka nichoke. Mashirika yanayofundisha: nendeni sokoni kabla ya kuandika mpango, fundisheni kwa mbabula, waacheni wamama waondoke na vyombo vilevile walivyojifunzia, na mrudi baada ya miezi mitatu kuuliza nani ameuza. Wanunuzi: lipeni bei mliyokubali. Na papa uliyepiga simu, nakuomba jambo moja tu. Siku mjukuu wako atakapopata komunyo, pita Boikene. Uliza mama anayeandika majina kwa vitundu. Mpe jina la mtoto kwenye karatasi, na avansi.